Kabati Kuukuu la Kukuzia Mimea: Dalili, Chanzo na Tiba

Kabati la vyombo lilitengenezwa kutunza sahani kavu. Ukilifunga taa, ukalipanga vyungu ishirini na kumwagilia kila baada ya siku mbili, umelipa kazi ambayo seremala wake hakuwahi kuiwaza. Ndiyo maana mimea ya kabatini huugua kwa namna yake. Jani likigeuka njano, mtu anakimbilia mbolea. Mche ukianguka, lawama zinakwenda kwa mbegu. Mimi nilishabadilisha udongo mara tatu kabla sijagundua kwamba mgonjwa alikuwa kabati.

Kwa hiyo tafuta dalili unayoiona, uanze kukagua sanduku lenyewe: hewa inapita wapi, nuru inafika wapi, maji yanaishia wapi. Ndipo uje kwenye mmea. Badilisha kitu kimoja tu, subiri wiki, kisha uangalie majani mapya. Yale yaliyokwisha kuharibika hayarudi kijani hata ukitibu chanzo, kwa hiyo usiyahoji.

Kioo kinatoka jasho

Wiki ya kwanza watu hulifurahia jambo hili. Kioo kimejaa matone, ndani panaonekana kama msitu. Wiki ya tatu maji yanatiririka hadi kwenye fremu ya mlango, na mbao inaanza kuwa nyeusi kwenye kona.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi. Ikigusa kitu cha baridi, huutua. Chukua kabati lenye nyuzi joto 26 na unyevu wa asilimia 70: hewa hiyo itaanza kutua umande kwenye chochote chenye nyuzi 20 au pungufu. Nyuzi sita tu. Taa zikizimwa usiku na chumba kikipoa, kioo hufika hapo bila shida. Saa ambayo jasho linatokea ndiyo inayokupa jibu.

Likitokea usiku tu na kukauka mchana, tatizo ni joto linaloporomoka taa zikizimwa. Acha feni ndogo ikizunguka saa 24, na umwagilie asubuhi badala ya jioni ili mvuke wa kwanza utoke taa zikiwa zinawaka. Unaweza pia kugeuza ratiba: taa ziwake usiku chumba kikiwa baridi, zizimwe mchana.

Likikaa mchana na usiku, basi maji unayoingiza ni mengi kuliko yanayotoka. Toboa matundu, mawili chini ubavuni na mawili juu upande wa pili, kila moja la upana wa sentimita 4 au 5, uyafunge wavu wa kuzuia wadudu. Hewa ya joto hupanda yenyewe, kwa hiyo tundu la juu hutoa na la chini huvuta. Ukiweka matundu yote juu, hewa ya chini inabaki imelala.

Likitokea kona moja tu, sogeza kabati. Mara nyingi mgongo wake umebanwa kwenye ukuta wa nje ambao ni baridi. Nafasi ya upana wa vidole vitatu nyuma yake hufanya kazi kuliko dawa yoyote ya ukungu.

Kuhusu feni, ile ya kompyuta ya milimita 120 inatosha kwa kabati la kawaida. Imeandikwa volti 12, lakini nyingi huzunguka hata kwa volti chache zaidi, taratibu na bila kelele. Ielekeze ukutani, upepo ugonge na kusambaa. Majani yatikisike kidogo tu. Yakipepea siku nzima yatakauka kingo.

Inafaa kukumbuka kisa cha Nathaniel Bagshaw Ward, daktari wa London. Mwaka 1829 alifungia pupa wa nondo kwenye chupa yenye udongo mbichi ili amwone akitoka. Badala yake macho yake yakatekwa na kangaga na jani la nyasi vilivyojiotea humo bila mtu kuvimwagilia. Maji yalikuwa yakipanda kutoka udongoni, yakitua kwenye kioo na kurudi yalikotoka. Kabati lako likifungwa vizuri linafanya vivyo hivyo, na anayemwagilia kwa mazoea ya chungu cha dirishani atazamisha mizizi. Nyanyua chungu kwa mkono kabla ya kushika kopo la maji. Kizito? Kiache.

Mbao inavimba, inatoka ukungu au inabanduka

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo makabati mengi yanapofia.

Jua kwanza umeshika mbao gani. Fungua bawaba moja au tazama tundu la skrubu. Ukiona chembechembe zilizoshikana kama makapi ya msumeno, hiyo ni chipibodi. Ukiona unga laini wa kahawia uliobanwa, ni MDF. Ukiona tabaka zilizopishana, ni plaiwudi. Ukiona nyuzi zinazoendelea moja kwa moja, ni mbao halisi, na una bahati.

Chipibodi na MDF zikinywa maji huvimba na hazirudi. Kabati langu la kwanza lilikuwa la chipibodi iliyofunikwa ngozi nyembamba yenye sura ya mninga. Juu nilipaka vanishi mara tatu, inang'aa. Sikugusa kingo za chini zilizokaa sakafuni, wala matundu niliyotoboa mwenyewe ya kupitisha waya. Baada ya miezi miwili ubao wa chini ulikuwa umefura kama mkate uliolowekwa chai. Ukibonyeza kwa kidole gumba unabonyea, na skrubu za miguu zinachomoka kwa mkono. Maji hayakuwa yamepita juu kabisa. Yaliingilia kwenye ukingo ulio uchi na kwenye tundu la waya, mahali ambapo macho hayafiki.

Kwa hiyo ukiona uvimbe, fuata maji yalikoingilia: kingo, matundu, viungo, nyuma ya bawaba. Sehemu iliyokwisha kufura ikate uweke plaiwudi mpya. Kuipaka rangi ni kuvisha maiti suti. Sehemu nzima ikaushe kabisa, piga msasa kidogo, paka vanishi ya polyurethane au rangi ya mafuta angalau mikono miwili, na kingo uzipe mkono wa tatu. Viungo vya ndani vizibe kwa silikoni. Halafu, na hili ndilo linalookoa kabati kuliko vanishi yenyewe, weka trei ya plastiki yenye kingo chini ya vyungu kwenye kila rafu. Vanishi huvumilia matone, ila haikutengenezwa kuwa beseni.

Mbao halisi ina tabia nyingine. Hutanuka kwa upana wake ikinywa unyevu na kusinyaa ikikauka, na kichwa cha ubao, pale msumeno ulipokata, hunywa kuliko uso wake. Ukipaka upande wa ndani peke yake, upande wa nje unaendelea kupumua na ubao unajikunja. Paka pande zote mbili.

Ukungu wa juu juu usugue kwa maji ya sabuni na brashi, acha milango wazi hadi pakauke kabisa, kisha piga msasa ukiwa umevaa barakoa na upake upya. Ukipaka rangi juu ya ukungu ulio hai, rangi itabanduka. Ukitumia dawa ya kung'arishia nguo, usiichanganye na siki wala na kisafishio chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu, na kichwa chako kitakuwa ndani ya kabati.

Jambo lingine: fanicha ya zamani sana yenye rangi nene inaweza kuwa na madini ya risasi. Usiipige msasa mkavu. Lowesha kwanza, vaa barakoa, watoto wawe mbali, na kama nia yako ni kukuza mboga humo, tafuta kabati lingine.

Majani yanajikunja siku chache baada ya kupaka rangi

Ni mvuke wa rangi au vanishi. Kukauka kwa kuguswa na kukomaa ni vitu viwili tofauti. Kopo likisema saa nne, hizo ni za kuguswa. Acha milango wazi hadi harufu iishe, na hiyo inaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kipimo changu: funga milango usiku mzima, asubuhi fungua uingize pua. Ukisikia harufu, mimea inasubiri.

Miche mirefu, miyembamba, imelala

Macho ni shahidi wa uongo. Chumba chenye taa nzuri hupata luksi (kipimo cha nuru inayofika mahali) 300 hadi 500. Nje jua la mchana likiwa kali hufika kama 100,000. Mboni zetu hujirekebisha na kutuambia tofauti ni ndogo. Kwa hiyo maneno “lakini kabati langu linang'aa sana” hayathibitishi kitu.

Tazama namna mche ulivyorefuka. Umeinama kuelekea mlangoni? Dirisha la chumba linaushinda nguvu taa yako. Umesimama wima lakini mwembamba, jani na jani vimeachana mbali? Taa iko juu mno au saa hazitoshi. Miche ya katikati mizuri na ya pembeni dhaifu? Taa haienei.

Dawa ya kwanza haina gharama: inua vyungu. Makopo yaliyogeuzwa yakae chini ya trei, hadi ncha za miche ziwe sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye taa za LED za mstari. Taa moja ya balbu ukiisogeza mbali mara mbili, nuru inayofika hupungua hadi kama robo. Taa ndefu za mstari hupungua polepole zaidi, lakini hupungua. Miche ipe saa 14 hadi 16 kwa siku, mimea ya majani ya mapambo 12 inatosha. Tumia taima, kuwasha kwa kukumbuka hakudumu wiki.

Kisha angalia rangi ya ndani. Fanicha nyingi za zamani ni kahawia iliyoiva, na kahawia humeza nuru. Paka ndani nyeupe isiyong'aa. Mabadiliko yake utayaona siku hiyohiyo, hasa kwenye kona. Programu ya kupima nuru kwenye simu tarakimu zake usiziamini sana, ila inafaa kulinganisha: pima katikati ya rafu, pima pembeni. Pembeni ikipata nusu ya katikati, zungusha vyungu kila baada ya siku chache. Na kumbuka rafu ya juu ni paa la rafu ya chini; kila rafu inahitaji taa yake, hata kama ulidhani nuru ya juu itapenya.

Mche wa nyanya uliorefuka unaweza kuokolewa kwa kuuzika hadi karibu na majani ya kwanza, kwa sababu shina la nyanya hutoa mizizi. Mimea mingi mingine ukiifanyia hivyo inaoza.

Majani yamepauka au yana mabaka makavu juu

Kama ni majani ya juu tu, yaliyo karibu na taa, basi ni taa. Weka kiganja pale jani lilipo kwa dakika moja. Ukihisi joto, ni joto; usipohisi na jani limepauka, ni nuru kali kupita kiasi. Yote mawili yanatibiwa kwa kusogeza. Kama ni majani ya chini yanayogeuka njano huku udongo ukiwa umelowa, rudi kwenye maji.

Mbegu hazioti kabisa

Angalia joto kabla ya kuangalia tarehe ya pakiti. Taa ya wati 60 ndani ya sanduku ni hita ya wati 60, kwa kuwa karibu umeme wote huishia kuwa joto. Mbegu nyingi za saladi hugoma kuota udongo ukizidi nyuzi 30 hivi, wakati pilipili zinapenda joto hilohilo. Toa adapta za taa nje ya kabati. Hilo peke yake hupunguza joto la rafu ya juu, na pia zitaishi zaidi. Mbegu zinazogoma zioteshe rafu ya chini kabisa, kwenye ubaridi.

Miche inakatika shingoni

Jana ilikuwa imesimama, leo imelala, na pale shina linapogusa udongo pamesinyaa na kuwa kama uzi uliolowa. Huo ni kinyausi. Vimelea vyake, wakiwemo Pythium na Rhizoctonia, hupenda udongo uliolowa, hewa iliyotulia na miche iliyosongamana, yaani kabati lililofungwa siku nzima. Iliyoanguka haiponi, iondoe pamoja na udongo wake. Fungua milango, washa feni, mwagilia kwa chini kwa kukalisha vyungu kwenye maji dakika 20 kisha umwage yanayobaki. Vyungu vya zamani visuguliwe kabla ya kutumika tena, na udongo ule usiupeleke kwenye trei nyingine hata kama unaonekana mzuri.

Vijinzi vyeusi, nyuzi za buibui, unga mweupe

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukigusa chungu hutaga kwenye sentimita chache za juu za udongo uliolowa, na mabuu yao hula mizizi midogo. Karatasi ya njano yenye gundi hunasa wakubwa, lakini wanaokula mizizi ni wadogo. Acha juu ya udongo pakauke kabisa kati ya mwagilio mmoja na mwingine, na uendelee hivyo kwa wiki nne, kwa sababu kizazi kimoja huchukua kama wiki tatu hadi nne. Walio na haraka hutumia dawa ya bakteria aina ya Bacillus thuringiensis israelensis, inayochanganywa na maji ya kumwagilia.

Nyuzi laini chini ya jani na vidoa kama vya pini ni utitiri, na huyu anakuambia kinyume: kabati lako ni kavu na lina joto. Osha majani pande zote mbili kwa maji, rudia kila baada ya siku tatu nne, na upandishe unyevu.

Pamba nyeupe kwenye mapindo ya majani ni kidung'ata. Mguse kwa pamba yenye spiriti. Utando mweupe kama manyoya juu ya udongo ni ukungu unaokula mabaki tu, ukwangue na upunguze maji. Ukoko mweupe mgumu kwenye ukingo wa chungu ni chumvi ya mbolea na maji magumu. Mwagilia maji mengi yapite yote, umwage ya kwenye trei.

Kipimo cha unyevu kinasema kitu, mimea inasema kingine

Jaribu kipimo chenyewe kwanza. Jaza kizibo cha chupa kwa chumvi ya mezani, dondoshea maji matone machache mpaka iwe kama mchanga uliolowa. Isiyeyuke ikawa maji. Kiweke kizibo na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika, ufunge vizuri ukiwa na hewa ndani, na uache hadi kesho yake mahali pasipo na jua. Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hivyo hukaa asilimia 75. Kipimo chako kikisoma 68, basi kila unachosoma kiongezee saba. Cha kwangu kilikuwa nyuma kwa 11, na mwaka mzima nilikuwa nikipulizia maji kabati lililokwisha kulowa.

Usikitundike chini ya taa pia. Kikipata joto la taa kitasoma unyevu mdogo kuliko uliopo. Kiweke kwenye usawa wa majani, kivulini.

Swichi kuu inajikata, plagi ina joto, kuna harufu ya kuungua

Hapa hakuna kujaribujaribu. Zima kwenye swichi ya ukutani, chomoa, kisha ndipo ufungue milango. Plagi yenye joto maana yake mguso ni mlegevu au vifaa ni vingi kwenye kamba moja ya soketi. Kikatio cha usalama kinachojikata mara baada ya kumwagilia maana yake umeme umepata njia kupitia maji. Kile cha miliampia 30, yaani kinachokata umeme ukivuja kiasi hicho kidogo, kimefanya kazi yake, usikilazimishe kurudi. Tafuta kiungo cha waya kilicholowa.

Kila waya unaotoka kabatini ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia humo, ili tone linalotambaa juu yake lidondokee sakafuni. Kamba ya soketi nyingi ifungwe ukutani nje ya kabati, juu kuliko trei ya chini. Taa za ndani ziwe za aina inayostahimili maji, zenye alama ya IP65. Wiring ya ukutani ni ya fundi umeme.

Rafu inapinda

Lita moja ya maji ni kilo moja, na chungu cha lita 2 chenye udongo wa bustani uliolowa kinaweza kuzidi kilo 3. Kumi ni kilo 30 kwenye ubao uliotengenezewa glasi. Weka nguzo katikati, chini ya ukingo wa mbele na wa nyuma, ishuke hadi sakafu ya kabati. Rafu ya kioo usiihurumie. Itoe uweke ubao au wavu wa chuma, ambao pia hupitisha hewa.

Mlango haufungi tena

Kila mtu hukimbilia randa. Ngoja. Mlango wa mbao halisi uliovimba kwa unyevu ukiukwangua leo, utasinyaa utakapokauka na kukuachia mwanya wa kupitisha kidole, na mwanya huo utavuruga unyevu wote uliouhangaikia. Ung'oe kwenye bawaba, uegemeze mahali pakavu wiki mbili, upime tena. Kama bado unagusa, ndipo urande, kidogo, upande wa bawaba ambako hakuna atakayeona, na upake vanishi kwenye ukingo huo kabla ya kuurudisha.